Mwongozo kamili: kuwaaga wastaafu wa chuo bila kukosea jina, miaka wala zawadi

Vyuo vingi vya Mtwara na Lindi huwaaga wastaafu kila mwaka, na makosa ni yale yale. Cheti kina jina lenye herufi pungufu. Mpishi aliyelisha wanachuo kwa miaka thelathini anatajwa kwa sentensi moja, mgeni rasmi anahutubia dakika hamsini, na mstaafu anarudi nyumbani na friji huku kijijini kwake umeme haujafika. Hafla za namna hiyo huharibika miezi mitatu kabla ya siku yenyewe, pale kamati inapoanza na pilau badala ya kuanza na faili.

Mwongozo huu umeandikwa kwa chuo chenye wastaafu watano hadi wanane na wageni wapatao 120. Chuo chako kikiwa kikubwa au kidogo zaidi, badilisha hesabu ila mpangilio wa hatua uache kama ulivyo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Orodha ya wote wanaofikisha umri wa kustaafu mwaka huo, iliyosainiwa na afisa utumishi. Isiwe orodha ya kukumbuka kwa kichwa.
- Faili binafsi la kila mstaafu kutoka masjala, lisomwe hapo hapo ofisini bila kutolewa nje.
- Kamati ya watu saba: mwenyekiti, katibu, mtunza fedha, mtu wa masjala, mjumbe mmoja wa watumishi wasio wakufunzi, mjumbe wa chama cha wafanyakazi na mjumbe wa serikali ya wanafunzi.
- Daftari moja la michango na daftari lingine la fedha ya chuo.
- Picha nzuri ya kila mstaafu, ya sasa, na moja ya zamani ikipatikana.
- Vyeti vya shukrani, ngao na fremu.
- Ukumbi au bwalo, viti 130, vipaza sauti viwili, na jenereta lenye mafuta.
- Ratiba iliyoandikwa kwa dakika.

Hatua ya 1: Miezi sita kabla, hakiki orodha

Mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akifika miaka 55, na ni lazima astaafu akifika 60. Vyuo vikuu vina utaratibu wao kwa maprofesa na wahadhiri waandamizi. Kwa hiyo orodha ina makundi mawili: wanaofikisha 60, ambao tarehe zao zinajulikana, na walioomba kwa hiari, ambao huwajui mpaka uulize.

Pitia idara zote kwa mguu: jiko, ulinzi, bohari, karakana, maktaba, zahanati ya chuo, mabweni, madereva. Anayesahaulika karibu kila mara ni mlinzi wa zamu ya usiku, kwa sababu kamati hukutana mchana.

Waongeze pia watu wawili ambao orodha ya mshahara haiwaonyeshi vizuri: aliyestaafu mapema mwaka huo na tayari ameshahama, na aliyefariki akiwa amebakiza miezi michache. Familia ya marehemu hualikwa na kupokea cheti chake. Muulize kwanza mjane au mtoto mkubwa kama wako tayari, maana wengine msiba bado mbichi.

Umefanikiwa ukiwa na orodha moja yenye majina, cheo, idara na tarehe ya kustaafu, na kila jina limethibitishwa na mwenyewe.

Hatua ya 2: Karatasi za mafao zitangulie hafla

Kamati nyingi hudhani jambo hili haliwahusu. Linawahusu. Mtu hawezi kucheka na kupiga picha siku ya kuagwa kwake ilhali faili lake la mafao limekwama kwa barua moja. Shangwe ya ukumbini haitamfaa akianza kupanda basi kila wiki kufuatilia.

Kaa na mstaafu na afisa utumishi, mkague pamoja:

- barua ya ajira ya kwanza
- barua ya kuthibitishwa kazini
- barua ya cheo cha mwisho alichopanda
- barua au kibali cha kustaafu
- hati za mshahara za karibuni
- kitambulisho cha taifa, picha za pasipoti na taarifa za akaunti ya benki

Barua ya kuthibitishwa kazini ndiyo hupotea zaidi, hasa kwa walioanza kazi wilaya nyingine wakahamia chuoni baadaye. Kuitafuta masjala ya zamani huchukua wiki, wakati mwingine miezi, ndiyo maana hatua hii hufanyika mapema.

Linganisha jina na tarehe ya kuzaliwa kwenye kitambulisho cha taifa, kwenye barua ya ajira na kwenye kumbukumbu za mfuko wa hifadhi ya jamii unaolipa mafao. Wengi waliochangia PSPF, LAPF, PPF au GEPF wako PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, tangu mifuko hiyo ilipounganishwa mwaka 2018, na kumbukumbu za zamani zina tofauti ndogo ndogo za tahajia. Herufi moja inatosha kusimamisha malipo. Kwa wa sekta binafsi, ukaguzi huo hufanyika NSSF.

Uliza pia mambo mawili ambayo watu huyaona madogo: utaratibu wa bima ya afya ya mstaafu na mwenza wake, na malipo ya kusafirisha mizigo na familia kurudi nyumbani. Yote yaanze kabla ya siku ya mwisho kazini.

Tahadhari: mwambie mstaafu wazi kwamba hakuna anayelipwa ili kuharakisha mafao. Matapeli huwapigia simu wastaafu wapya wakijifanya maofisa wa mfuko. Namba ya mshahara, kiasi cha mafao na namba ya simu visitajwe ukumbini wala visiwekwe kwenye picha za mitandaoni.

Umefanikiwa ikiwa kila mstaafu ana nakala ya nyaraka zake zote ndani ya bahasha moja, nyumbani kwake.

Hatua ya 3: Andika wasifu wa kila mmoja

Hapa ndipo heshima yenyewe ilipo. Zawadi hutumika zikaisha, lakini maneno yaliyosemwa kwa usahihi mbele ya mke au mume, watoto na wajukuu hubaki. Tenga muda mwingi kuliko unavyofikiri: saa moja masjala na saa moja ya mazungumzo kwa kila mstaafu.

*Hesabu miaka miwili tofauti.* Upo utumishi wote, na upo utumishi chuoni hapo. Mfano: mtu aliajiriwa tarehe 1 Machi 1989, akahamia chuoni 1 Septemba 2004, akastaafu 30 Juni 2025. Utumishi wake wote ni miaka 36 na miezi 4. Chuoni ametumikia miaka 20 na miezi 10. Ukitangaza "miaka 36 hapa chuoni", wenzake watajua ni uongo, na yeye mwenyewe ataona haya kukusahihisha.

*Tafuta mambo matatu mahususi.* "Alikuwa mchapakazi na mpenda watu" inamfaa kila mtu, kwa hiyo haimfai yeyote. Uliza: nini kilianza kwa mkono wake? Nani alijifunza kazi kwake? Siku ipi chuo kilimtegemea? Utapata majibu kama haya: mikorosho iliyo nyuma ya bweni la wasichana aliipanda yeye, ndiye aliyeandika upya rejista ya maktaba baada ya paa kuvuja, kwa miaka yake yote jikoni hakuna siku chai ya asubuhi ilichelewa wakati wa mitihani. Sentensi kama hizo ndizo zinazowafanya watoto wake wainue vichwa.

*Usimpime mpishi kwa kipimo cha mkufunzi.* Mkufunzi ana vyeo na mafunzo ya kutaja. Mlinzi ana usiku aliokesha, mageti aliyoyafunga, mali isiyoibwa. Wasifu wa kila mmoja uwe na urefu ule ule, maneno 250 hadi 300, ambayo kwa sauti ya utulivu ni dakika mbili na nusu hadi tatu.

*Msomee mwenyewe kabla.* Wapo wasiopenda ugonjwa wao utajwe, au ndoa ya zamani, au kituo walichohamishwa kwa ugomvi. Akisema ondoa, ondoa bila kuuliza sababu.

Sasa jina. Majina ya kusini yana herufi ambazo wachapaji wa mbali hudhani ni makosa: yale yanayoanza na Nn au Mm hupunguzwa herufi moja, na yenye Ch hugeuzwa Ki. Mstaafu aandike jina lake mwenyewe kwa herufi kubwa kwenye karatasi, asaini chini yake. Karatasi hiyo ndiyo iende kwa mchapaji, isiwe ujumbe wa simu.

Umefanikiwa ikiwa mstaafu akisomewa anasema "ndivyo ilivyokuwa".

Hatua ya 4: Fedha

Fungua daftari la michango miezi minne kabla. Kiwango kipangwe kwa ngazi ya mshahara, kiwe cha hiari, na kisikatwe kwenye mshahara bila saini ya mhusika. Mstaafu hachangii hafla yake mwenyewe. Hili husahaulika, na hukera.

Fedha ya chuo hufuata taratibu za ununuzi wa umma, ambazo sasa hupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST, na huchukua muda. Usiichanganye na michango. Gharama zinazoweza kusubiri taratibu, kama chakula na hema, ziingie kwenye fungu la chuo; zawadi ziingie kwenye michango. Kiulizwe pia chama cha wafanyakazi, kiwe CWT, RAAWU au TUGHE, kina nini kwa mwanachama wake anayestaafu, ili msinunue kitu kile kile mara mbili.

Risiti za kielektroniki zidaiwe kila duka. Hesabu ibandikwe ubaoni ndani ya siku saba baada ya hafla. Mwakani watu watachanga kwa moyo.

Hatua ya 5: Chagua zawadi kwa kuuliza

Muulize mstaafu, au mwenza wake ikiwa mnataka iwe siri: ataishi wapi, nyumba imefikia wapi, umeme upo? Anayebaki Shangani au Mikindani, pale Mtwara, ana mahitaji tofauti na anayerudi wilayani Liwale au Nanyumbu.

Mabati. Ndiyo zawadi inayopendwa kuliko zote, na ina mtego. Namba ya geji ikiwa ndogo, bati ni nene: geji 28 ni nene kuliko geji 30. Anayejenga ufukweni, Mtwara mjini, Lindi au Kilwa, chumvi ya upepo hula bati jembamba upesi, kwa hiyo afadhali mabati machache ya geji 28 kuliko mengi ya geji 30. Pima unene dukani, maana muhuri peke yake hautoshi.

Saruji. Usilete mifuko ukumbini. Saruji ikikaa kwenye unyevu huganda, na pwani unyevu haukosekani. Lipa dukani, mkabidhi stakabadhi ya kuchukulia mzigo fundi akiwa tayari, na iandikwe tarehe ya mwisho ya kuuchukua.

Khanga na vitenge. Soma jina la khanga kabla ya kulipa. Wanawake wote ukumbini watalisoma, na khanga ya mafumbo kwa anayeondoka kazini itazungumzwa mwaka mzima. Tafuta yenye shukrani au dua. Iwe doti kamili, haijakatwa vibaya. Kwa mwanamume, kanzu na kofia au shati la kitenge, kadiri ya mazoea yake.

Kinyago cha mpingo. Mkoa wa Mtwara hauna haja ya kuagiza sanaa mbali. Hakikisha ni mpingo kweli: geuza kitako, kwaruza kidogo kwa kisu. Mti laini uliopakwa rangi nyeusi utaonyesha weupe, na utakuwa mwepesi mkononi. Mpingo wenyewe ni mzito kiasi cha kuzama majini. Uliza pia kama mstaafu yuko tayari kuweka sanamu ya binadamu nyumbani, kwa kuwa baadhi ya Waislamu hawapendi. Sahani, kasha au kishikio cha kalamu cha mpingo hakina shaka. Bakora usimpe mtu mwenye nguvu zake asiyeiomba.

Fedha taslimu. Ziingie benki au kwenye simu yake. Bahasha nene hadharani ni hatari njiani, na kiasi hakitangazwi.

Thamani ya zawadi ya msingi iwe sawa kwa wote, mkuu wa idara na mfagizi. Idara ikitaka kumwongezea mtu wake, imkabidhi huko idarani siku nyingine.

Kuhusu usafirishaji: zawadi inayotoka Dar es Salaam ifike wiki mbili kabla. Barabara ya Kibiti hadi Lindi hukatika mvua zikizidi, kama ilivyotokea Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopiga pwani. Na mtu wa Ruangwa aliyepewa mabati ishirini lazima apewe na gari la kuyafikisha. Zawadi bila usafiri ni deni.

Hatua ya 6: Cheti na ngao

Cheti kiwe na mambo sita tu: jina la chuo, jina la mstaafu, cheo cha mwisho, tarehe ya kuanza na kumaliza kazi chuoni, sentensi moja ya shukrani, saini na muhuri. Mfano wa sentensi: "Chuo kinamshukuru kwa kuongoza jiko kwa uaminifu tangu 2004 hadi 2025." Ngao isizidi maneno 30, la sivyo maandishi yatakuwa madogo, na macho ya miaka 60 hayatayasoma bila miwani.

Bamba la chuma hafifu hupata kutu pwani. Omba shaba, alumini au plastiki ngumu.

Nakala ya majaribio isomwe na watu watatu: mtu wa masjala, mstaafu mwenyewe, na mtu asiyemjua kabisa mstaafu. Huyu wa tatu ndiye huona makosa, kwa sababu hasomi kwa kukumbuka. Chapisha vyeti viwili vitupu vya akiba.

Hatua ya 7: Siku, mahali na chakula

Chagua Jumamosi wanachuo wakiwepo. Epuka mwezi wa Ramadhani, wiki ya mitihani, na kama wengi wana mashamba, kilele cha kuuza korosho kati ya Oktoba na Desemba. Kuanzia Novemba mvua huanza, kwa hiyo hema peke yake halitoshi. Juni hadi Septemba ni salama zaidi.

Wastaafu na wenza wao wakae mbele, kwenye viti vyenye mikono na migongo, na mezani kwao kuwe na maji. Jukwaa lisiwe na ngazi. Likiwa nazo, mgeni rasmi ndiye ashuke kukabidhi. Bango moja lenye majina yote linatosha kwa mapambo.

Kwa watu 120, pilau: mchele kilo 20, nyama ya ng'ombe kilo 25, viazi kilo 5, vitunguu kilo 5, mafuta lita 3. Soda kreti 7 za chupa 24. Maji madogo chupa mbili kwa kila mtu, yaani katoni 10 za chupa 24. Achinjaye awe Mwislamu, ili kila mtu ale bila shaka. Anzeni na ming'oko (viazi vya porini) ya kuchemsha na korosho za kukaanga wageni wakiwa wanaketi. Ni chakula cha kwetu, ni nafuu, na hutuliza njaa ya waliotoka Newala alfajiri.

Wapishi wa chuo wasipike siku hiyo ikiwa mwenzao anaagwa. Tafuta wapishi wa nje, na wale wa chuo wakae ukumbini na mwenzao.

Hatua ya 8: Ratiba ya dakika kwa dakika

Kwa wastaafu sita:

- Saa 3:00 wageni wanaketi
- Saa 3:30 wastaafu wanaingia na familia zao. Dua na sala
- Saa 3:45 neno la mkuu wa chuo, dakika 10
- Saa 3:55 wasifu, dakika 4 kila mmoja pamoja na kusimama na kupigiwa makofi
- Saa 4:20 neno la kila mstaafu, dakika 3
- Saa 4:40 ngoma ya sindimba au ngonjera ya wanachuo
- Saa 4:55 mgeni rasmi, dakika 10
- Saa 5:05 vyeti, ngao na zawadi
- Saa 5:35 picha
- Saa 6:00 chakula, kisha swala ya adhuhuri kwa wenye kuswali

Mgeni rasmi aandikiwe dakika zake kwenye barua ya mwaliko. Akichelewa zaidi ya nusu saa, anzeni na wasifu. Wastaafu ndio wenye siku. Kila mstaafu aseme mwenyewe, asiwakilishwe. Asiyependa kipaza sauti, mtoto wake amsomee.

Mshereheshaji apewe majina na matamshi siku mbili kabla, na aambiwe mpaka wa utani. Utani wa makabila unachangamsha ukumbi, lakini usiguse umri, afya wala mafao.

Mstaafu mgonjwa asiyeweza kufika, watu watano wamfuate nyumbani siku hiyo hiyo, wakiwa na cheti, zawadi na chakula, na wasifu usomwe tena sebuleni kwake.

Hatua ya 9: Baada ya hafla

Ndani ya wiki mbili, kila mstaafu apate picha zilizochapishwa, angalau nne, na wasifu wake uliosainiwa. Wengi wao hawatazifuata picha kwenye simu. Nakala moja ya wasifu iingie masjala.

Siku ya 30 na siku ya 90, mjumbe mmoja wa kamati ampigie simu kila mstaafu na kuuliza swali moja: mafao yamefika? Kama hayajafika, afisa utumishi afuatilie kwa barua siku hiyo hiyo, mstaafu akiwa amekaa kwake.